Muulize Mjomba: Altezza yangu inagonga chini, nimebadili shokapu zote nne na bado

Shikamoo mjomba. Mi msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo naandika kwa mara ya kwanza, maana nimefika mahali nikisikia neno gereji tu tumbo linakata. Nina miaka 31, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, kazini kwangu ni Mtumba kule mji wa serikali, kwahiyo kila siku nakatiza mji mzima kwenda na kurudi. Mwaka juzi nilitimiza ndoto niliyokuwa nayo tangu niko sekondari, nikanunua Toyota Altezza RS200 ya gia za mkono, ya mwaka 2001, rangi ya silva, niliitoa Dar kwa jamaa mmoja alikuwa anahama. Mashine ni nzima haili oili, bodi haijaguswa, ndani viti bado vinabana. Ila chini mjomba, chini ndo kuna kilio.

Ilianza kasauti kadogo tu mbele kushoto, ko ko ko, nikipita kwenye rasta au kwenye ile barabara ya vumbi ya mtaani kwetu. Nikapuuzia, nikaongeza redio. Baadae ikawa nikikanyaga breki pua inazama na stelingi inavuta kushoto. Halafu nikiwa kwenye lami ya kwenda Kondoa kwa mama, ikifika 100 gari inatangatanga kama ina mawazo yake, upepo ukipiga kidogo inahama, nashika usukani kwa mikono miwili jasho linanitoka na AC imewaka.

Nikaenda gereji moja, fundi akakandamiza boneti mara mbili, akafuta mikono akasema shokapu zote nne zimekufa. Basi. Nikaagiza Kariakoo shokapu nne za mtumba, zikaja na basi, akafunga nikalipa. Siku tatu za kwanza niliona kama imetulia (nadhani moyo ulikuwa haukubali kwamba hela imeenda bure), siku ya nne ko ko ko hiyo imerudi, na wiki ya tatu shokapu ya mbele kushoto ikaanza kutoa mafuta. Zile za mwanzo zilizotolewa fundi alibaki nazo, nilivyoziulizia akaniambia ashaziuza chuma chakavu.

Juzi Jumamosi naosha gari, nimekata stelingi yote kushoto, nikaona tairi za mbele upande wa ndani zimeisha. Yaani ukisimama mbele ya gari unaziona zina meno mazuri kabisa, ukiinama ndani ni upara, na ya kushoto nikipapasa nakutana na nyuzi.

Sasa ushauri nilionao ni mwingi kuliko hela. Kwenye kundi letu la WhatsApp mmoja ananiambia nifunge koilova, zile shokapu na springi za kupandisha na kushusha gari, amenipa bei ya 1,800,000. Mwingine anasema nikate springi mzunguko mmoja gari ikae chini ndo itashika barabara. Wa tatu anasema nitupe raba zote niweke bushi za poliurethani, ile plastiki ngumu, kama za magari ya mashindano. Mke wangu yeye anasema niuze ninunue IST tuishi kwa amani.

Nina 900,000 mkononi na baada ya hapo naweza kutenga 150,000 kila mwezi. Bei nilizopata baada ya kupiga simu ni hizi: boljointi ya chini, kile kifundo kinachoshika tairi, 55,000 moja, bushi kubwa ya loa amu, yaani raba ya ule mkono wa chini wa tairi, 45,000, bushi ndogo 25,000, linki ya stablaiza, kile chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona, 35,000, raba za stablaiza 10,000 kila moja, shokapu mpya ya mbele 170,000. Fundi mwingine kaniambia kwa kazi yote ya mbele atachukua 150,000, kupiga presi bushi 40,000, alaimenti ya kunyoosha tairi 40,000. Tairi mpya 160,000 moja. Ukijumlisha vyote imenizidi. Nianzie wapi, na nini naweza kuacha? Halafu la mwisho, wiki mbili zijazo mdogo wangu wa kike anaolewa Kondoa, nilitaka niende na hii gari familia waione. Itafika?

Wa Altezza, Nkuhungu

Marahaba mpwa wangu, pole na hongera, maana vyote viwili umevinunua siku moja. Na shemeji msalimie, hajakosea sana, ila mwambie hata IST ina bushi.

Nianze na hilo kosa la shokapu kwasababu ndo limekula hela yako ya kwanza na ndo linakula hela za vijana wengi. Shokapu kazi yake ni moja, kuzuia springi isiendelee kudunda. Gari ikipita shimo springi inajikunja inajikunjua, bila shokapu ingeendelea kucheza kama godoro. Sasa Altezza yako siyo kama Corolla au hiyo IST ambayo shokapu ya mbele ndo imeshika tairi isimame wima. Altezza ina amu ya juu na amu ya chini, mbele mpaka nyuma, na hizo amu ndo zinaamua tairi itazame wapi. Kwahiyo gari kuvuta kushoto ukifunga breki, kutangatanga kwenye 100, na tairi kuliwa ndani, hayo malalamiko hayasemi shokapu. Yanasema kuna amu haikai sehemu yake. Ungeweza kufunga shokapu za dhahabu na bado tairi ingeliwa.

Ninavyoisoma barua yako, mshukiwa wangu wa kwanza ni ile bushi kubwa ya loa amu, ile ya nyuma. Ukikanyaga breki tairi inasukumwa kwenda nyuma na bushi hiyo ndo inapokea. Ikichanika, amu ya kushoto inarudi nyuma kidogo, ya kulia inabaki, basi gari inageuka bila wewe kugeuza. Ukiachia breki inarudi. Mshukiwa wa pili boljointi ya chini, na huyu ndo wa kunikosesha usingizi. Ko ko ko ya kwenye rasta inawezekana kabisa ni linki ya stablaiza tu, moja ya vitu vya bei ndogo ulivyotaja.

Lakini mi siko chini ya gari yako, nakisia kwa barua. Ndo maana nataka kabla hujatoa hata shilingi ukague mwenyewe, au usimame pembeni fundi akikagua. Gari ya 2001 hata kama imetembea kidogo, raba zake zina umri wake. Raba haifi kwa kilomita peke yake, inakaushwa na joto na hewa na oili inayodondokea, na Dodoma joto na ukavu si vya kuuliza.

Tafuta sehemu ya sakafu ngumu. Jeki, na stendi mbili za chuma, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki tupu na usiniwekee tofali la bloku, nimeshaona bloku linapasuka bila kuaga, linakaa vizuri dakika kumi halafu linakuwa unga. Gari ikiwa juu, shika tairi juu na chini utikise, halafu kushoto na kulia. Ikicheza kushoto-kulia tu, angalia tairodi, ile fimbo ya stelingi inayogeuza tairi. Ikicheza juu na chini, mwambie mtu akae ndani akanyage breki, utikise tena: mchezo ukipotea ujue ni beringi ya tairi, ukibaki ni boljointi au bushi.

Sasa boljointi ya chini ya hii gari ina ujanja wake. Springi yako imekaa juu ya loa amu, kwahiyo ukinyanyua gari kwa chesisi tairi ikaning'inia, springi inaisukuma amu chini na kuibana boljointi, unaweza ukatikisa mpaka kesho ukaona nzima kumbe imeoza. Weka jeki chini ya loa amu yenyewe, karibu na tairi, inua mpaka tairi iache ardhi kidogo, halafu ingiza mtaimbo chini ya tairi unyanyue taratibu huku mwenzako ameweka kidole kwenye boljointi. Kidole kinasikia kabla ya jicho. Angalia na kale kamfuko kake ka raba. Kakiwa kamepasuka hata kama haichezi bado, iandikie marehemu, maana vumbi letu hili likishaingia kwenye grisi inageuka msasa, inasaga usiku na mchana. Na fundi akikwambia "hii tunaigonga kidogo inabana", mshukuru ondoka. Boljointi ya chini ikichomoka tairi inalala kifudifudi chini ya gari, na haichagui uko Nkuhungu mwendo wa 20 au Kondoa mwendo wa 100.

Bushi kubwa: mulika tochi, ingiza taya livu (ule mtaimbo mdogo wa kutolea tairi) kati ya amu na chesisi, sukuma kama unafungua kopo la rangi. Raba nzima itasogea kidogo na kurudi yenyewe. Iliyokufa utaona mdomo unafunguka, pengine chuma cha katikati kimeegemea upande mmoja kama mlevi kwenye ukuta. Nyufa ndogo juu juu zisikutishe, mpasuko unaoingia kisu ndo wenyewe.

Linki za stablaiza zina kipimo cha bure ambacho mafundi hawakipendi. Fungua zote mbili, kulia na kushoto, zifunge pembeni kwa waya zisigonge kitu, halafu zungusha mtaa mmoja taratibu kwenye hilo vumbi lenu. Ko ko ko ikipotea, ushampata mchawi. Gari italala zaidi kwenye kona kwahiyo usiende nayo lami, zunguka rudi urudishe.

Na shokapu? Kukandamiza boneti siyo kipimo cha kumtoa mtu hela. Hapa kwetu kuna kipimo kizuri zaidi, vumbi. Shokapu inayovuja Dodoma haijifichi, inavaa koti la udongo, mafuta yanashika vumbi mpaka inafanana na kichuguu. Kaunyevu kembamba juu karibu na sili ni kawaida, ila ikiwa koti limeshuka mpaka chini, imekufa. Yako ya kushoto naamini ipo hivyo. Siku nyingine ukilazimika kununua ya mtumba, isimamishe wima uipampu mara tano sita kwanza, halafu sikiliza mkono: inatakiwa iwe nzito mfululizo bila sehemu tupu, na kuivuta kuwe kugumu kuliko kuisukuma. Lakini mtumba wa Altezza umetoka kwenye Altezza nyingine iliyozeeka kama yako, sijui tunatarajia nini.

Haya, hela. Nimepiga hesabu za bei zako. Boljointi mbili 110,000, bushi kubwa mbili 90,000, ndogo mbili 50,000, linki mbili 70,000, raba za stablaiza mbili 20,000, hiyo ni 340,000. Ufundi 150,000, presi 40,000, alaimenti 40,000, jumla umefika 570,000. Ukiongeza shokapu mbili za mbele 340,000 unakuwa 910,000, imekupita kwa elfu kumi, najua ndo maana uliandika, ulitaka nikwambie ukope elfu kumi. Ila umesahau tairi. Tairi yenye nyuzi haisubiri mwezi ujao mpwa.

Kwahiyo mi ningefanya hivi: 570,000 ya viungo na raba, 320,000 ya tairi mbili, jumla 890,000. Elfu kumi inayobaki mnunulie fundi soda na chapati asifanye kazi na njaa. Shokapu zinasubiri. Ndiyo, hizo hizo ulizodhani ni za kwanza ndo zinakuwa za mwisho, baada ya miezi mitatu hivi utakuwa na 450,000 nyingine, unanunua mbili za mbele mpya kwa mpigo, usinunue moja, zinatakiwa zifanane nguvu kulia na kushoto. Na kwasababu ni gari ya amu mbili, kubadili shokapu hakuharibu alaimenti yako alimradi hamjagusa boliti za amu na springi ni zile zile, kwahiyo hulipi alaimenti tena. Kati hapo utaendesha na shokapu moja iliyochoka. Itadunda kidogo kushoto, utapunguza mwendo, utaizoea. Ila kwanza muulize huyo fundi wa 150,000, maana nadhani bei hiyo alikuwa amehesabu na kufunga shokapu, kama hazifungwi sasa hivi ashushe, au muandikiane kwamba atakuja kuzifunga bila kuchaji tena.

Ukikagua ukakuta bushi ndogo ni nzima kweli, usinikubalie tu kwasababu nimeandika. Lakini amu ikishakwenda kwenye presi, mi natoa zote mbili. Kulipa mtu aishushe amu mara mbili kwa ajili ya kubana 50,000 ni ubahili wa kijinga, nimeufanya.

Kwenye kununua, usimwambie muuzaji "nataka bushi za Altezza" halafu ukakata simu. Altezza ilianza kuuzwa Japani 1998, nje huko ikauzwa kama Lexus IS 200, kwahiyo vitu vingi vya chini ukiulizia kwa jina la IS 200 unapata pia, na wakati mwingine kwa muuzaji ambaye akisikia Altezza anasema hana. RS200 yako chesisi yake ni SXE10, ile ya silinda sita ni GXE10. Piga picha kile kibati cha chesisi, mtumie, yeye ndo alinganishe. Na raba hata siku moja usinunue ya mtumba. Watakuuzia loa amu nzima ya mtumba wakwambie imekuja na bushi zake, sawa, zimekuja na bushi zake za mwaka ule ule wa za kwako.

Sasa hapa nikae kidogo, maana hapa ndo hela za watu zinapotelea hata wakinunua kitu orijino.

Miaka ya nyuma nilikuwa na Mark II, nikabadili bushi za mbele zote, bei mbaya, nikafurahi. Baada ya miezi minne zimechanika. Nikamtukana muuzaji kwa simu, nikanunua nyingine kwa mtu mwingine, miezi mitano, zimechanika tena. Siku moja niko gereji Chang'ombe nasubiri gari ya mtu, mzee mmoja pembeni anakunywa chai anaangalia dogo anavyofunga amu yangu, gari iko juu ya stendi, tairi zimening'inia, dogo anavuta spana mpaka mishipa ya shingo imesimama. Mzee akaweka kikombe chini akaniuliza, "Gari yako huwa inatembea ikiwa inaning'inia hivyo?"

Bushi ni bomba la chuma dogo ndani, bomba kubwa nje, katikati raba iliyogandishwa kwenye yote mawili. Haizunguki. Amu ikipanda na kushuka raba ndo inajinyonga kidogo kulia, kidogo kushoto, inarudi katikati. Ukikaza boliti wakati amu imening'inia chini, umeiambia raba kwamba katikati yake ni hapo. Ukishusha gari chini, amu inapanda, raba inajinyonga na inabaki imenyongwa muda wote, hata gari ikiwa imepaki usiku. Halafu ndo unaipeleka kwenye matuta. Itachanika tu, hata ingekuwa imetoka kiwandani Toyota kwa mkono wa mwenye kiwanda.

Kwahiyo boliti za bushi zote zinaingizwa kwa mkono, zinabanwa kidogo tu zisidondoke, halafu gari inashushwa kwenye tairi zake, inatikiswa ikae, ndo zinakazwa, fundi akiwa kwenye shimo. Kama gereji haina shimo, weka jeki chini ya loa amu uinue mpaka gari ianze kuachia stendi, hapo amu imebeba uzito kama iko barabarani, kaza, hamia upande wa pili. Haigharimu hata mia. Simama hapo usiende kununua vocha. Na kabla hawajafungua, boliti yoyote yenye alama za mistari kwenye kichwa, zile za kurekebishia alaimenti, waichore rangi ilipokuwa, ili irudi karibu na hapo mpaka ufike kwenye mashine. Boljointi irudi na kota pini mpya (ile pini ya kuzuia nati isifunguke), siyo msumari.

Alaimenti fanya siku hiyo hiyo tairi mpya zikiwa zimefungwa, za mbele na za nyuma, maana nyuma ya Altezza nako kunarekebishika na nako kunakula tairi ndani. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Wakikwambia karatasi imeisha, waambie utasubiri. Na ukinunua hizo tairi, angalia tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, 2317 ni wiki ya 23 ya 2017. Mpya ya dukani inaweza kuwa ilizaliwa zamani.

Nikimbie kwa hao washauri wako wa WhatsApp. Koilova za bei hiyo ni ngumu, na zile nyuzi zake za kurekebishia urefu zikikaa na vumbi letu misimu miwili hazizunguki tena, na mwisho wa yote zinafungwa kwenye amu zile zile zenye bushi zilizochanika. Kukata springi ndo kabisa, unaifanya iwe ngumu na fupi, gari inakalia raba za kuzuia mgongano kila tuta, na dereva anakalia uti wa mgongo wake. Poliurethani siyo mbaya ila ni kelele, inataka grisi yake maalum, na kwenye vumbi inaanza kulia kwii kwii kama kitanda cha gesti. Ningeivumilia kwenye stablaiza tu.

Kitu ambacho hakuna aliyekwambia, baadae ukipata nafasi fikiria rimu za inchi 16. Rimu zako nadhani ni za 17 na unavaa 215/45, ubavu wa tairi hauzidi sana milimita 96. Ukienda 205/55 ya 16 unapata karibu 113, na duara zima linabadilika kwa kama asilimia moja tu, spidi mita haitaona tofauti. Hizo milimita 16 za raba na hewa ni shokapu ya bure kwa barabara ya Nkuhungu. Jaribisha rimu kwanza isiguse kalipa ya breki. Najua itapunguza urembo, wewe amua.

Harusi ya mdogo wako, nimeisoma mara mbili. Ungekuwa huna tairi ya nyuzi na boljointi usiyoijua hali yake ningekwambia nenda mwendo wa 70. Ila hapo hapana. Wiki mbili vitu vinaweza kuwa havijafika hata kutoka Dar, na gari iliyotoka gereji jana siyo ya kubebea familia kwenda Kondoa, inatakiwa itembee mjini wiki nzima, uirudishe nati zikaguliwe. Pandeni basi la asubuhi. Suti ibebe kwenye mfuko, vaeni mkifika.